Habari za Nikola Tesla

Zamani, katika mji mdogo wa Gospić, ulio katika nchi iitwayo leo Kroatia, watu wa mji walinunua pampu ya kuzimia moto. Ilikuwa mpya, imepakwa rangi nyekundu na nyeusi, nayo ilihitaji wanaume 16 wa kuiendesha kwa mikono. Siku ya kuionyesha, watu wote walikusanyika kando ya mto, wamevaa nguo zao za Jumapili. Hotuba zilipokwisha, amri ikatolewa, na wale wanaume 16 wakaanza kazi kwa nguvu zao zote, juu na chini, juu na chini. Lakini halikutoka hata tone moja la maji. Wenye elimu wakaikagua pampu huku na huku, wasione kosa lake.

Katika umati ule alikuwako mtoto mmoja mwanafunzi. Mitambo hakuijua, na habari za uzito wa hewa alizijua kidogo sana, lakini mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mpira uliotumbukizwa mtoni ili uvute maji. Akaupapasa, akaukuta umebanwa na kuwa bapa. Maana wale watu walipovuta, ndani ya mpira hapakubaki kitu, na uzito wa hewa na maji ya nje ukaubana hata pande zake zikagusana. Mtoto akaingia majini, akaufungua, na mara maji yakaruka kwa nguvu na kuziharibu nguo nyingi za Jumapili. Watu wakambeba mabegani kwa shangwe. Mtoto huyo aliitwa Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, karibu na Gospić. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria, lakini jamaa yake walikuwa Waserbia. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi. Mama yake hakupata kusoma shuleni, lakini alikuwa mwepesi wa akili na hodari wa mikono, akijitengenezea mwenyewe vyombo vya kazi za nyumbani. Kaka yake Nikola, kijana mwenye akili nyingi, alikufa kwa ajali ya farasi, na tangu hapo tumaini lote la wazazi likawa kwa mwana huyu aliyebaki. Baba alitaka awe kasisi kama yeye. Nikola hakuthubutu kubishana naye, lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu na mitambo. Aliwahi kusoma habari za Niagara, maporomoko makubwa ya maji yaliyoko Amerika ya Kaskazini, akamwambia mjomba wake kwamba siku moja atakwenda huko na kuyafanya maji yale yazungushe gurudumu kubwa.

Alipomaliza masomo yake katika mji wa Karlovac mwaka 1873, alirudi nyumbani akakuta kipindupindu kimeenea. Kikamshika hata yeye, akalala kitandani miezi mingi, na waganga wakakata tamaa. Siku moja baba yake aliingia chumbani kumtia moyo. Nikola akamwambia kwa sauti dhaifu kwamba huenda akapona, kama baba atamruhusu kusoma kazi ya injinia. Baba akamwahidi kumpeleka katika chuo kizuri kuliko vyote. Kijana akapona, na baba akaitimiza ahadi yake, ingawa ilikuwa kuyazika matumaini ya miaka mingi.

Hivyo mwaka 1875 Tesla aliingia chuo cha mji wa Graz. Huko aliona kwa mara ya kwanza mota ya umeme. Mota za siku zile zilikuwa na pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na juu yake vilisuguana vipande vingine vilivyoitwa burashi, ili kuupitisha umeme kutoka kwenye nyaya mpaka kwenye sehemu inayozunguka. Palipo na kusuguana palikuwa na cheche, na burashi zikalika upesi. Kosa hilo si dogo. Mtambo wa namna hiyo ukiwekwa shambani kando ya kisima, penye maji na mavumbi, humtaka mtu wa kuutazama daima.

Tesla akasema kwamba pengine mota ingeweza kuzunguka bila burashi. Mwalimu wake alitumia somo zima kuwaeleza wanafunzi kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Kijana akanyamaza, lakini wazo halikumtoka.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri. Alianza kucheza kamari, akauacha mji wa Graz bila kupata shahada, na mwaka 1879 baba yake akafa. Ni vema kulitaja hilo pia, kwa sababu vitabu vingi huwasifu wavumbuzi kana kwamba hawakupotea njia hata siku moja. Mwaka 1881 alipata kazi ya simu katika mji wa Budapest, akajisumbua kwa kazi hata akaugua.

Mwezi wa Februari mwaka 1882, alipokuwa akipata nafuu, alitembea na rafiki yake katika bustani ya mji jua likichwa, huku akikariri mashairi. Ghafula jibu likamjia. Akaokota kijiti, akachora mchangani mfano wa mota yake, akamweleza rafiki yake sehemu moja moja.

Wazo lenyewe laweza kufahamika kwa mfano wa kinu. Wanawake watatu wakitwanga katika kinu kimoja, hawashushi michi yao pamoja. Kila mmoja ana zamu yake, na wa kwanza anapoinua, wa pili anashusha, hivyo kinu hakipumziki. Tesla alitumia umeme wa kwenda na kurudi, tena zaidi ya mkondo mmoja, kila mkondo ukifika kwa zamu yake katika koili zake zilizopangwa kwa duara. Kwa hiyo nguvu ya sumaku huonekana kana kwamba inauzunguka mduara ule, ingawa koili zenyewe hazisogei hata kidogo. Chuma na shaba zilizomo katikati hupata umeme wake bila kuguswa na waya wo wote, zikavutwa na kuifuata sumaku ile. Basi burashi hazihitajiwi, na cheche hakuna.

Kulijua jambo ni kitu kimoja, kuwasadikisha wenye fedha ni kitu kingine. Tesla alikwenda Paris, na mwaka 1883, akiwa kazini Strasbourg, aliunda mota yake ya kwanza kwa mikono yake, ikazunguka. Matajiri wa mji wakaonyeshwa. Hakuna aliyetoa fedha. Mwaka 1884 akavuka bahari mpaka New York, akafanya kazi kwa Thomas Edison kwa muda wa miezi michache. Edison alitumia umeme wa njia moja, ambao siku zile haukuweza kufika mbali zaidi ya maili moja hivi kutoka kwenye mitambo yake. Mashamba ya mbali yangebaki bila kitu. Wawili hao wakaachana. Baadaye Tesla alikosa kazi kabisa, hata akachimba mitaro ili apate chakula, yeye aliyekuwa na mota ile kichwani mwake.

Mwaka 1887 watu wawili walimsaidia kufungua karakana. Tarehe 1 Mei 1888 serikali ya Marekani ilimpa hati za kuthibitisha kwamba uvumbuzi ule ni wake, na mwaka huo huo George Westinghouse, mwenye viwanda, akanunua haki ya kuutumia. Hata hivyo si haki kumpa Tesla sifa yote. Galileo Ferraris wa Italia alikuwa amevumbua jambo lilo hilo peke yake mwaka 1885, na Mrusi mmoja aliyefanya kazi Ujerumani, Dolivo-Dobrovolsky, alitengeneza mwaka 1889 mota ya mikondo mitatu inayofanana sana na ile itumiwayo mashambani.

Ukienda leo penye pampu kubwa ya umeme shambani, utaona nyaya tatu zikitoka kwenye swichi na kuingia katika mota, na waya mwingine uliofungwa kwenye gamba la chuma na kupelekwa ardhini, ili umeme ukivuja upite huko, usimpige mtu. Zile tatu huishia katika koili zisizosogea. Hakuna hata moja inayogusa sehemu inayozunguka. Ndiyo sababu mota ya namna hiyo yaweza kufunikwa kabisa na kushushwa ndani ya kisima, ikakaa majini miaka mingi. Pampu ikizunguka kinyume na kutoa maji haba, fundi hukata umeme kwanza, kisha hubadilishana nyaya mbili kati ya tatu. Zamu hugeuka, na mota hugeuka nayo. Penye mkondo mmoja tu, kama katika nyumba nyingi, huongezwa kapasita, kifaa kinachoufanya umeme wa koili ya pili utangulie kidogo, ili zamu zipatikane. Tesla mwenyewe alikuwa ameonyesha njia za kuupasua mkondo mmoja kuwa miwili.

Tena umeme wa kwenda na kurudi waweza kuongezwa nguvu kwa transfoma, ukasafiri mbali katika nyaya nyembamba, kisha ukapunguzwa mwisho wa safari. Mwaka 1895 mitambo ya Niagara ilianza kazi kwa njia ya Tesla, kila mmoja ukiwa na nguvu za farasi 5,000. Mwezi wa Novemba 1896 umeme wake ulifika mji wa Buffalo, mwendo wa kilometa 40 hivi. Ndoto ya mtoto wa Gospić ilikuwa imetimia. Na kwa njia hiyo ya mikondo mitatu, miaka ya 1930, maji ya maporomoko ya Pangani yalitumiwa kupeleka umeme Tanga.

Tesla angeweza kuwa tajiri sana, kwa maana mkataba wake ulimpa dola 2 na nusu kwa kila nguvu ya farasi moja. Lakini Westinghouse alipoingia katika shida ya fedha, Tesla alikubali kuyaacha malipo hayo. Baadaye alitaka kupeleka umeme bila waya duniani kote, akajenga mnara mrefu, fedha zikaisha, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Uzeeni alihama hoteli moja hata nyingine huku nyuma akiacha madeni, akiwalisha njiwa wa mji. Tangu mwaka 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia chumba na kumpa fedha kidogo kila mwezi.

Alikufa peke yake katika hoteli moja ya New York tarehe 7 Januari 1943, mwenye umri wa miaka 86. Majivu yake yalipelekwa Belgrade mwaka 1957, nayo yamo ndani ya mpira wa rangi ya dhahabu katika nyumba ya makumbusho yenye jina lake.