Tuwaache Vijana Wachore Wanachokiona

Mwanangu alirudi nyumbani juzi akiwa amenuna. Katika somo la biolojia alitazama utando wa kitunguu kwa hadubini, akachora alichokiona, pamoja na alama fulani ambazo hazimo kitabuni. Mwalimu wake alizikata kwa wino mwekundu, akamwamuru anakili mchoro wa kitabu. Sina nia ya kumlaumu mwalimu huyo, kwani naye anasukumwa na mtihani. Hata hivyo, tukio hilo lilinikumbusha maisha ya mtu ambaye madaktari wote wanalijua jina lake: Paul Langerhans.

Langerhans alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 25 Julai, 1847, akiwa mwana wa daktari. Alianza masomo ya udaktari Jena, kisha akarejea Berlin, alikokuwa Rudolf Virchow, bingwa wa elimu ya magonjwa wa zama hizo. Mwaka 1868, angali mwanafunzi, alitia vipande vya ngozi ya binadamu katika kloridi ya dhahabu, mbinu aliyojifunza kwa Julius Cohnheim, kisha akavitazama kwa hadubini. Katika tabaka la juu la ngozi aliona seli nyeusi zenye matawi, mithili ya vidole vilivyotandazwa katikati ya seli nyingine. Alizichora kama alivyoziona. Kwa kuwa zilifanana na seli za neva, alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu.

Alikosea. Lakini kosa lake lilikuwa katika kufasiri, si katika kutazama, na mchoro wake ulibaki kuwa kweli. Mwaka uliofuata, katika tasnifu yake kuhusu kongosho, alieleza mafungu madogo ya seli ambayo hayakuwa yameelezwa kabla yake. Hapo hakukisia lolote, bali alikiri kuwa hajui kazi yake. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba mafungu hayo, yaitwayo leo visiwa vya Langerhans, ndiyo yanayotengeneza insulini, ambayo bila hiyo mtu hupatwa na kisukari.

Maisha yake hayakuwa marefu. Mwaka 1870 alizuru Shamu na Palestina, kisha akahudumu kama tabibu katika vita vya Wajerumani na Wafaransa. Baadaye alifundisha chuoni Freiburg, ambako nyota yake iling'aa. Mwaka 1874 alishikwa na kifua kikuu. Dawa ya ugonjwa huo haikuwapo, na wagonjwa waliojiweza walitafuta nafuu kwenye hewa nzuri. Mwaka 1875 akahamia Funchal, katika kisiwa cha Madeira, sehemu ya Ureno. Huko hakukaa kungoja mauti. Alitibu wagonjwa wa kifua kikuu wenziwe, akachunguza minyoo ya baharini, na mwaka 1885 akaoa. Maradhi ya figo yalimmaliza tarehe 20 Julai, 1888, siku tano kabla ya kutimiza miaka 41.

Fumbo la seli zake za ngozi lilidumu zaidi ya karne moja. Mwaka 1973 Inga Silberberg alionyesha kwamba katika ngozi yenye mzio, seli hizo hukutana na seli nyeupe za damu. Mwaka huo huo, Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliripoti kugundua seli nyingine zenye matawi katika wengu wa panya. Utafiti uliofuata ulithibitisha kwamba jamii hizo mbili zinafanya kazi ya aina moja, yaani kuutahadharisha mwili.

Leo twajua kwamba seli za Langerhans ni askari wa mpakani. Hunasa vipande vya vijidudu na kemikali zinazopenya ngozini, kisha huacha kituo na kusafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba kwapani au kinenani mtu anapopata kidonda. Huko huzionyesha seli nyeupe sura ya adui, nazo huongezeka na kwenda vitani. Fauka ya hayo, huufunza mwili kuvumilia visivyodhuru, maana ngozi inayopigana na kila kinachoigusa huishia kujidhuru yenyewe.

Mkononi mwangu, upande wa kushoto, lipo kovu la BCG, kama lilivyo kwa Wakenya wengi. Chanjo hiyo hudungwa ndani ya ngozi, nayo huwakinga watoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu, ugonjwa ule ule uliomng'oa Langerhans Freiburg. Seli za ukoo wa zile alizozichora ndizo hubeba habari ya chanjo hadi kwenye tezi. Kila nilitazamapo kovu hili, huwaza kwamba kijana yule alikuwa ameiona sehemu ya ngao ya maradhi yake, asijue ni ngao.

Nauliza basi: laiti mwalimu wake angalimwamuru anakili kitabu, tungalipata nini? Maabara za shule zetu zinahitaji hadubini, na jambo hilo ni la fedha. Lakini kumruhusu mtoto achore anachokiona, na kuandika kuwa hajui asichokijua, hakutugharimu hata senti moja. Mwanangu nimemwambia auhifadhi mchoro wake wa kwanza.