Mathis, Mchoraji wa Kristo Mwenye Vidonda

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mchoraji Mjerumani ajulikanaye kama Matthias Grünewald. Akiwa hai hakuitwa hivyo. Mwandishi mmoja alikosea mwaka 1675, na kosa likabaki. Jina lake hasa ni Mathis Gothart, au Nithart.

Alizaliwa kati ya 1470 na 1480 hivi, akawa mchoraji wa Askofu Mkuu wa Mainz. Mwaka 1512 hadi 1516 alichora picha za madhabahu ya monasteri ya Isenheim. Watawa wa hapo waliuguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Ulitokana na mkate wa nafaka iliyoingia kuvu. Mgonjwa aliungua kama yumo motoni, vidole vikaoza, wengine wakakatwa miguu.

Je, mgonjwa yule alipotazama madhabahuni aliona nini? Siyo Yesu mzuri wa kwenye kalenda. Aliona Yesu msalabani, ngozi imejaa vidonda na miiba, imegeuka kijani kama nyama inayooza, vidole vimepinda kwa maumivu. Ni mwili kama wake mwenyewe. Tunalisema hili taratibu, maana wapo kati yetu wanaodhani mwili ulioharibika ni dalili ya kuachwa na Mungu. Kando ya msalaba yupo Yohana Mbatizaji, ingawa siku ile alikuwa amekwisha kufa, akimwonyesha Yesu kwa kidole kirefu. Mbao za picha zilifunguka kama milango, na ndani Kristo yule yule anatoka kaburini aking'aa, ngozi safi, yamebaki majeraha ya misumari na mkuki tu.

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliasi. Muda si mrefu Mathis aliacha kazi ya Askofu, akaenda Frankfurt, kisha Halle, akafia huko mwaka 1528. Frankfurt alikuwa ameacha sanduku dogo lililopigiliwa misumari. Ndani yake mlikuwa na Agano Jipya na maandishi ya Luther. Sisi tuliotoka Chula kwa mashua wakati wa vita vya 1991 tunalijua sanduku la kumwachia jirani, ukidhani utarudi kulichukua.

Picha zenyewe ziko Colmar, Ufaransa, katika makumbusho ya Unterlinden. Kwa muda mrefu watu walidhani ni kazi ya Dürer.