Christian Doppler

Christian Andreas Doppler (Salzburg, 29 Novemba 1803 – Venezia, 17 Machi 1853) alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia wa Austria. Anajulikana kwa kueleza jinsi wimbi linavyobadilika pale chanzo chake au mpokeaji wake anaposogea. Jambo hilo huitwa *athari ya Doppler*. Yeye aliwaza juu ya nyota, lakini leo wagonjwa wengi hukutana na jina lake hospitalini, kwenye kipimo cha mwendo wa damu kwa ultrasaundi.

Vitabu vingine humwita Johann Christian. Hilo ni kosa lililonakiliwa kwa muda mrefu. Alibatizwa Christian Andreas.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya waashi wa mawe. Angerithi kazi ya baba yake, lakini afya yake ilikuwa dhaifu, hivyo akapelekwa masomoni Vienna na Salzburg. Kuanzia 1829 alikuwa msaidizi wa profesa wa hisabati mjini Vienna. Nafasi hiyo ilipokwisha aliomba kazi nyingi za ualimu bila mafanikio, akajikimu kwa kutunza hesabu katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alikuwa amekwisha kujiandaa kuhamia Marekani, ndipo mwaka 1835 akapata kazi ya kufundisha sekondari mjini Praha. Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde Sturm, wakapata watoto watano.

Mwaka 1841 alikuwa profesa katika chuo cha ufundi cha Praha. Huko alitahini mamia ya wanafunzi, kazi iliyozidi kumdhoofisha, tena baadhi yao wakamshtaki kuwa ni mkali mno. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la karatasi usiku ataelewa hali yake.

Mwaka 1847 alihamia chuo cha madini cha Schemnitz (leo Slovakia), akarudi Vienna baada ya mapinduzi ya 1848. Mwaka 1850 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Mmoja wa wanafunzi wake huko alikuwa Gregor Mendel, mtawa aliyegundua baadaye kanuni za urithi. Mwaka 1852 mwanahisabati Josef Petzval alimpinga hadharani, wakati Doppler tayari anaumwa mapafu. Alikwenda Venezia kutafuta hewa yenye joto, akafa huko akiwa na umri wa miaka 49.

Athari ya Doppler

Aliwasilisha nadharia yake Praha tarehe 25 Mei 1842, mbele ya wasikilizaji wachache. Alidai kwamba rangi za nyota pacha hutokana na mwendo wao. Katika hilo alikosea: rangi ya nyota hutegemea hasa joto lake. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na wanamuziki waliosimama kando ya reli wakasikia sauti ikiwa juu zaidi treni ilipokaribia, na chini zaidi ilipokwenda mbali.

Kupima mwendo wa damu

Zaidi ya miaka 100 baada ya hotuba ile, Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, alitumia kanuni hiyo kuchunguza moyo na mishipa. Kifaa hupeleka ndani ya mwili sauti isiyosikika kwa sikio. Seli nyekundu za damu huirudisha, na tofauti ya mitetemo iliyotumwa na iliyorudi huonyesha kasi ya damu. Mtaalamu hukiinamisha kifaa, kwa sababu kikiwa wima kabisa juu ya mshipa tofauti hiyo karibu hutoweka.

Mshipa uliosinyaa huonekana kwa kasi kuongezeka, kama maji ya mpira wa bustani ulioubana kwa kidole. Hivyo madaktari hutambua mishipa ya shingo iliyoziba kiasi, damu iliyoganda miguuni, valvu za moyo zinazovuja, na mimba ambayo kondo la nyuma halimpi mtoto damu ya kutosha.

Kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida Afrika Mashariki, hupimwa mishipa ya ubongo. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni dalili ya hatari kubwa ya kiharusi, na kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza hatari hiyo kabla mtoto hajapooza.