Ugonjwa wa Imam Ghazali na sisi tunaoambiwa hatuna kitu

Ndugu msomaji, huu ni mwaka wa nne naamka asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Viungo vinauma, moyo unakwenda mbio bila sababu, chakula hakitulii tumboni, na ziko siku vidole vinakufa ganzi hata kalamu haishikiki. Nimepimwa damu, mkojo na choo. Nimetibiwa malaria ambayo haikuonekana na taifodi ambayo haikwisha. Katika hospitali moja daktari hakuniangalia hata usoni. Alisoma karatasi, akasema vipimo vyote ni vizuri na kwamba yangu ni mawazo tu. Nikatoka na vidonge vya maumivu.

Nyumbani nako shangazi akasema ni jini. Nikasomewa kisomo, na kisomo nakipenda wala sikikatai, ila ganzi haikuondoka. Kisha mzee mmoja wa msikitini kwetu, ambaye namheshimu sana, akaniliwaza kwa mfano. Alisema hata Imam Ghazali aliugua maradhi yasiyojulikana na matabibu wakamwambia ni ya moyo. Kwa hiyo niache hospitali, niishughulikie nafsi yangu.

Nikaenda kuisoma upya habari ya Imam. Niliyoyakuta ndiyo nayaandika leo.

Imam Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, upande wa Uajemi, mwaka unaotajwa zaidi ukiwa 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia. Baba yake alifariki yeye na nduguye Ahmad wakiwa wadogo, akiwa amewausia kwa rafiki yake mmoja mchamungu. Walikuwa mafukara, wakaingia madrasa ambako mwanafunzi alipata elimu pamoja na chakula. Kutoka hapo alikwenda Nishapur kwa Imam Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa zama zile, akakaa naye hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085.

Waziri Nizam al-Mulk alimvuta karibu yake, na mwaka 1091 akampeleka Baghdad kufundisha katika Nizamiyya, chuo kilichokuwa na jina kubwa kuliko vyote. Hakuwa amefikia hata miaka 35. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola walimtaka ushauri. Mwaka uliofuata waziri yule akauawa, na haukupita muda mrefu Sultani Malikshah naye akafariki. Dunia iliyomnyanyua Imam ikatikisika.

Kisha ukaja mwezi wa Rajab mwaka 488, yaani kati ya mwaka 1095. Kwa miezi karibu sita Imam alikuwa anavutana na nafsi yake: aendelee na cheo, au aache vyote amtafute Mola wake, kwani alikuwa ameitazama nia yake ya kusomesha akaona ndani yake mna kutaka sifa. Ndipo mwili ukagoma. Ulimi ulifungika, akawa anajilazimisha kusomesha wanafunzi wake lakini neno halitoki. Kisha tumbo likagoma nalo: mchuzi haushuki, tonge halisagiki. Nguvu zikamwisha.

Waliitwa matabibu. Walimtibu mpaka wakakata tamaa, wakasema wazi kwamba ugonjwa huu umeanzia moyoni ukasambaa mwilini, na dawa zao haziufikii mpaka lile linalomsumbua litulie.

Mwishoni mwa mwaka huo aliondoka Baghdad. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake. Alikaa Damascus, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu, akazuru Baitul Muqaddas, akahiji. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulumid-Din. Kwa miaka zaidi ya kumi hakurudi kwenye cheo, hadi mwaka 1106 alipokubali kusomesha tena Nishapur. Alifariki kwao Tus Desemba 1111. Habari za ugonjwa wake tunazijua kwa kuwa aliziandika mwenyewe katika Al-Munqidh, bila kuona haya.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Kwa heshima zote, naona mfano wake haukuwa wangu. Matabibu wa Baghdad walimwangalia mgonjwa kwanza, wakajaribu tiba, na ilipowashinda walikiri. Mimi niliambiwa ni mawazo kabla ya kuulizwa usingizi wangu ukoje na nyumbani kwetu nani aliugua nini. Kumwambia mtu kuwa ugonjwa wake ni wa moyo baada ya kumchunguza ni kazi ya tabibu. Kumwambia hivyo ili aondoke na foleni isogee ni jambo jingine kabisa.

Tena Imam aliwakubalia kwa sababu mwenyewe alikuwa analijua lililomkaa kifuani. Jawabu lao lilikutana na lile alilokuwa nalo. Mimi nimejikagua usiku na mchana, nami nina madhambi yangu, lakini sijaona la kunifunga vidole.

Liko na jambo la tatu, ambalo wanaotoa mfano huu hulisahau. Imam huyu huyu, aliyeshindikana kwa matabibu, hakuudharau utabibu. Ndani ya Ihya ameuhesabu kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu Waislamu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi na mijadala huku miji mingine haina tabibu Muislamu hata mmoja. Je, angekuwa nasi leo angetuambia tuache hospitali?

Waandishi wa leo humpa Imam majina ya maradhi ya kisasa, wengine wakisema ni sonono. Mimi sithubutu kumpima mtu aliyefariki miaka zaidi ya 900. Ninachokichukua kwake ni ukweli wake: alieleza ulimi wake na tumbo lake vilivyokuwa, hakuongeza wala hakupunguza.

Basi nimenunua daftari. Naandika kila siku kilichouma, saa ngapi, nilikula nini, nililala vipi. Jumatano, inshaallah, nakwenda kwa daktari mwingine, nalo nitalichukua. Akisema ni maradhi ya mwili, nitameza dawa. Akisema ni ya moyo baada ya kunisikiliza, nitamkubalia pia. Akisema hajui, nitamshukuru kwa ukweli wake na kumuomba anielekeze kwa anayejua.

Nawe ndugu uliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani, kabla hujampa jina ugonjwa wake, mkalie umsikilize. Wabillahi tawfiq.