Edward Makuka Nkoloso

Edward Makuka Nkoloso (1919 – 4 Machi 1989) alikuwa mwalimu na mpigania uhuru wa Zambia. Anajulikana hasa kwa mpango wake wa kupeleka Waafrika mwezini na kwenye sayari ya Mirihi.

== Maisha ==
Nkoloso alizaliwa kaskazini mwa Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliingizwa katika jeshi la kikoloni, akahudumu kitengo cha mawasiliano na kufikia cheo cha sajenti. Baada ya vita alifundisha shule, kisha akajiunga na harakati za kudai uhuru. Katika miaka ya 1950 alikamatwa na kuteswa na serikali ya kikoloni. Alipotoka alifanya kazi na chama cha UNIP cha Kenneth Kaunda.

== Mpango wa anga ==
Mwaka 1960 alianzisha chuo chake cha sayansi na utafiti wa anga. Vijana wake walifanya mazoezi kwenye shamba la zamani nje ya Lusaka. Waliviringishwa mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee hali ya kukosa uzito. Mmoja wao alikuwa Matha Mwambwa, msichana wa miaka 17. Nkoloso aliomba UNESCO pauni milioni 7, lakini hakupata. Wanafunzi walitawanyika na hakuna chombo kilichorushwa.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, waandishi wa habari wa kigeni waliueneza mpango huo kama kichekesho.

== Mjadala ==
Je, safari hiyo ilikusudiwa kweli? Mwaka 2017 mwandishi Mzambia Namwali Serpell alionyesha kwamba huenda mpango ulikuwa dhihaka dhidi ya wakoloni, au pazia la kuficha mafunzo ya wapigania uhuru. Katika filamu ya Marekani ''Capricorn One'' (1978) serikali inabuni safari bandia ya Mirihi ili kuwadanganya raia wake. Kwa Nkoloso, anayeshukiwa kuficha jambo ni mtawaliwa, na anayefichwa ni mtawala. Hata hivyo suala hilo halijathibitishwa.

== Miaka ya mwisho ==
Baadaye Nkoloso alimwakilisha Rais Kaunda katika kituo cha Lusaka kilichosaidia vyama vya ukombozi vya nchi jirani. Mwaka 1983 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Zambia. Alipofariki alizikwa kwa heshima za kirais.