Smith-Barry, Mwalimu wa Marubani

Kila gari moshi linaposimama Voi, humkumbuka Mwingereza Denys Finch Hatton. Mwezi wa Mei 1931 alirusha ndege yake ndogo kutoka kiwanja cha pale, na kabla hajafika mbali ikaanguka ikawaka moto. Yeye na mtumishi wake Kamau wakafa. Kisa hicho ndicho kilichonitia hamu ya kuuliza: hivi zamani hizo marubani walifunzwaje kuimudu ndege dakika zile inapoachana na ardhi? Kuuliza kwangu kukanifikisha kwa Robert Smith-Barry.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1886, akajifunza urubani 1911, siku ambazo ndege ilikuwa miti, nguo na nyaya. Agosti 1914, vita vikuu vikiwa na majuma mawili tu, ndege yake ilianguka huko Péronne, Ufaransa. Mwenziwe aliyempakia akafa. Yeye akavunjika miguu yote miwili, na tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea.

Hakukoma. Mwaka 1916 alikuwa tena Ufaransa, akiongoza kikosi cha ndege cha 60. Humo akaletewa vijana ambao saa zao za kuruka zilikuwa za kuhesabika, na wengine wao hawakudumu. Uchungu ukamshika. Akawaandikia wakubwa wake barua baada ya barua, akilaumu mafunzo, mpaka Desemba mwaka huo akakabidhiwa kikosi cha mafunzo cha Gosport, pwani ya kusini ya Uingereza. Haya, mlalamishi na afanye yeye!

Ualimu wa awali ulikuwa wa makatazo: usipinde sana, usiinue pua, usicheze. Lakini injini ilipozimika ndege ndiyo kwanza imeruka, katazo lilimfaa nini kijana aliye peke yake juu? Moyo wa binadamu humtuma kurudi alikotoka. Basi huigeuza ndege ikiwa chini na mwendo umeisha, huku akiuvuta usukani ili pua isiiname. Hapo hewa haiyabebi tena mabawa. Moja hulala kabla ya jingine, ndege huzunguka kama pia, na ardhi i papo hapo. Dawa yake ni chungu: inamisha pua upate mwendo, kisha tua mbele yako, iwe shambani au kichakani.

Smith-Barry aliona kwamba jambo hilo haliingii kwa maneno. Akachukua ndege aina ya Avro 504 zenye usukani wa watu wawili, mwanafunzi akaketi kiti cha rubani, na mpira wa kusemea ukapeleka sauti ya mwalimu hadi masikioni mwake. Walipanda juu penye nafasi, mwalimu akaitia ndege katika hatari ile ile iliyokuwa ikikatazwa, kisha akamwachia kijana aitoe. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Nami nilipoyasoma hayo nilikumbuka chuoni. Mwalimu wangu wa Korani alikuwa akinishika mkono juu ya ubao, halafu akauachia ghafula, nikaiharibu herufi, akangoja niitengeneze mwenyewe. Ila herufi mbovu haiui mtu. Kwa hiyo nausifu zaidi moyo wa wale walimu wa Gosport, waliokaa kimya huku ndege ikizunguka nao ndani.

Agosti 1917 kikosi kile kikafanywa skuli maalumu ya kufunza walimu wa urubani, na mtindo wake ukaenea nje ya Uingereza. Hata Wamarekani, katika vita vya pili, walikuwa wakiuita ule mpira wa kusemea kwa jina la Gosport.

Vita hivyo vya pili vilipozuka, mzee alirudi kazini na miguu yake ile ile. Alifariki Durban, Afrika Kusini, mwaka 1949.