J. N. Andrews: Mmisionari Aliyengoja Barua

Soma kwa ajili ya somo hili: Wafilipi 4:14–18, 1 Wakorintho 9:7–14, 3 Yohana 5–8.

Wengi wetu tunamjua John Nevins Andrews kwa jambo moja tu: ndiye mmisionari rasmi wa kwanza aliyetumwa ng'ambo na Kanisa la Waadventista wa Sabato. Chuo kikuu chetu kule Michigan kimeitwa kwa jina lake tangu 1960, na watoto wetu wa Shule ya Sabato husimuliwa jinsi alivyopanda meli pamoja na watoto wake wawili. Hadithi hiyo kwa kawaida huishia bandarini. Miaka tisa iliyofuata, yaani alikula nini, kodi ya nyumba ililipwa kwa fedha gani, na kazi yake ilikwamia wapi, haisimuliwi mara nyingi. Ni miaka hiyo tunayotaka kuiangalia leo.

Alizaliwa tarehe 22 Julai 1829 huko Poland, mji mdogo katika jimbo la Maine, Marekani. Alipitia lile Kukatishwa Tamaa Kukuu la 1844 akiwa kijana wa miaka 15, na mwaka uliofuata akaipokea Sabato. Hakusoma sana shuleni, lakini alijifundisha mwenyewe Kigiriki, Kiebrania, Kilatini, na Kifaransa cha kusoma vitabuni. Aliandika kitabu kikubwa juu ya historia ya Sabato. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kanisa lilimtuma Washington kueleza msimamo wetu wa kutobeba silaha, na kuanzia 1867 hadi 1869 alikuwa kiongozi wa tatu wa Konferensi Kuu.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ya awali ambalo tuliweke akilini. Aprili 1858, pale Battle Creek, ndugu walikusanyika kuchunguza katika Biblia jinsi wahubiri wanavyopaswa kutunzwa. Wakati ule wahubiri wetu walikuwa wakilima au kukata kuni ili wapate nauli ya kwenda kuhubiri. Aliyeongoza darasa lile ni Andrews, na kutokana nalo ukazaliwa mpango wa utoaji ulioanza mwaka 1859.

Sasa tuende Uswisi. Huko palikuwa na vikundi vya washika Sabato, matunda ya kazi ya Michael Czechowski, aliyekuwa padri zamani. Czechowski alikwenda Ulaya mwaka 1864 bila kutumwa na kanisa letu, na alipoondoka aliacha madeni. Waumini wale waliomba waletewe mhubiri. Mke wa Andrews, Angeline, alikuwa amefariki Machi 1872 kwa kiharusi. Kwa hiyo tarehe 15 Septemba 1874 mjane huyo wa miaka 45 aliondoka Boston na Charles wa miaka 16 na Mary wa miaka 12. Wakafika Neuchâtel katikati ya Oktoba.

Hapo ndipo taabu za kila siku zilipoanza. Andrews hakuwa na mshahara uliopangwa. Ndugu wa Marekani walidhani waumini wa Uswisi watamtunza. Waumini wa Uswisi, wengi wao mafundi saa, nao walidhani mtu aliyetumwa na Marekani atakuja na fedha za Marekani. Tena biashara ya saa ilikuwa imeanguka miaka ile. Kila upande uliutazama upande wa pili, na katikati alikuwapo mtu mwenye watoto wawili akilipa kodi kwa akiba yake mwenyewe. Chakula chao kikawa mkate na viazi, na mara chache kabichi. Barua ilichukua majuma kuvuka bahari, na jibu majuma mengine.

Tusikimbilie kuwalaumu ndugu wa Battle Creek peke yao. Andrews mwenyewe aliona haya kuomba. Aliandika habari za kazi kwa kirefu, lakini habari za chungu chake jikoni alizigusa kwa mbali, mpaka mambo yalipofika pabaya. Mtu aliyewahi kufundisha kanisa zima kwamba mhubiri anastahili posho yake alishindwa kusema wazi kwamba yeye hana posho. Nadhani hili ni gumu zaidi kuliko njaa yenyewe, na ninyi mliowahi kufanya kazi ya kujitolea mbali na kwenu mnalijua. Ukisema, utaonekana huna imani. Ukinyamaza, watu watadhani umeshiba. Linganisheni na Paulo katika Wafilipi 4, jinsi anavyoitaja shida yake bila kuificha wala kuilalamikia, na jinsi anavyolitaja kanisa lililomkumbuka.

Shida ya pili ilikuwa lugha. Kifaransa cha vitabuni hakikumsaidia sana mtaani. Katika miaka ya kwanza alihubiri kupitia mkalimani, Jakob Erzberger. Ili kujilazimisha, yeye na watoto wake waliandikiana mkataba na kuutia sahihi: nyumbani watazungumza Kifaransa tu, isipokuwa Kijerumani kinapohitajika, na saa moja jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, ambapo kila mtu angeruhusiwa kusema Kiingereza. Fikirini nyumba ile ambayo mtoto aliyefiwa na mama anaweza kulia kwa lugha ya mama yake saa moja tu kwa siku. Lakini mkataba ulifanya kazi. Mary alikisema Kifaransa kana kwamba amezaliwa nacho.

Julai 1876, mjini Basel, Andrews alitoa toleo la kwanza la gazeti Les Signes des Temps. Kazi ya gazeti ilimfurahisha na ilimchosha. Hakuwa tayari kutoa sentensi yenye kosa, kwa hiyo kila makala ilirudiwa tena na tena. Mary alisahihisha prufu, Charles alijifunza kupanga herufi za chapa. Mwanzoni mwa 1877 Andrews alianguka kwa homa ya mapafu. Daniel Bourdeau, mfanyakazi mwenzake kutoka Marekani, alipomwona alishtuka jinsi alivyokonda. Habari zilipofika nyumbani ndipo kanisa likaamka na kuanza kutuma msaada wa maana.

Kwa Mary msaada huo ulichelewa. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika. Mwaka 1878 Andrews alisafiri naye kwenda Battle Creek, ambako yeye alihitajika kwenye mkutano wa Konferensi Kuu. Dakta Kellogg alimwonya asikae karibu sana na mgonjwa, maana ugonjwa ule unaambukiza. Baba hakuondoka kitandani pake. Mary alifariki tarehe 27 Novemba 1878, akiwa na miaka 17, akazikwa Rochester, New York, kando ya mama yake.

Andrews alirudi Uswisi mwaka 1879, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Ellen White alikuwa amemshauri aoe tena kabla ya kurudi, hakuoa. Baadaye Bibi White alimwandikia pia maonyo makali: kwamba anang'ang'ania huzuni yake, na kwamba anajitwisha kazi ambazo wengine wangeweza kuzifanya. Wasomaji wengine huyaona maonyo hayo kuwa mazito mno kwa mtu aliyefiwa. Mimi naona yaligusa jambo la kweli, kwa kuwa gazeti lilimtegemea mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anakufa. Hata hivyo, mtu aliyekaa miaka mingi bila msaidizi husahau jinsi ya kumpa mwingine kazi. Kundi lenu linaweza kulijadili hili pande zote mbili.

Miaka ya mwisho alifanya kazi kutoka kitandani, akiwaandikisha wasaidizi makala alizoshindwa kuziandika kwa mkono. Mwaka 1883 Konferensi Kuu ilimtuma B. L. Whitney na familia yake kuipokea kazi, na mama yake Andrews alikuja pamoja nao kumuuguza mwanawe. Siku zake za mwisho alitia sahihi hati ya kutoa dola 500, zilizokuwa zimebaki mkononi mwake, kwa ajili ya kazi ya Ulaya. Alifariki tarehe 21 Oktoba 1883, akiwa na miaka 54, akazikwa palepale Basel.

Whitney aliendelea na gazeti. Ellen White alipofika Ulaya mwaka 1885, alikuta kanisa limejenga Basel nyumba kubwa ya uchapishaji, yenye mashine chini na vyumba vya kuishi wafanyakazi juu, naye akapewa makao humo.